CD4: alama moja, majina matatu

Sisi waandishi wa programu twaijua taabu ya kitu kimoja kupewa majina matatu. Wataalamu wa kinga ya mwili nao iliwapata.

Mwaka wa 1975, Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge, Uingereza, walipata njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu, zinazonasa alama moja tu juu ya seli. Zitie rangi ing'aayo, na mashine ya leza itakuhesabia seli zenye alama hiyo. Kila maabara ikabuni majina yake: T4, OKT4, Leu-3. Kumbe ni kitu kimoja! Mwaka wa 1982 walikutana Paris, wakalinganisha kingamwili zao, wakaafikiana: herufi CD, kisha nambari. Ndiyo CD4.

Mnamo 1984 ikabainika kuwa virusi vya Ukimwi huingilia alama hiyo hiyo. Hapa Kenya, kwa miaka mingi hesabu ya CD4 ndiyo iliyoamua nani aanze dawa: chini ya seli 200 kwa mikrolita ya damu, baadaye 350, kisha 500. Tangu 2016 hakuna kungojea hesabu. Hata hivyo, ndiyo humwonyesha daktari kinga imeshuka kiasi gani.