Hotpoti haipashi chakula: hadithi mbili zilizoanza mwaka 1892

Shangazi yangu alikuwa mama lishe. Usiku alichemsha nyama, akaiacha kwenye sufuria kubwa imefunikwa, akalala. Alfajiri alipika wali na maharage, akapasha ule mchuzi wa nyama harakaharaka, akajaza hotpoti tatu na kupanda bajaji hadi kwenye jengo lililokuwa linajengwa. Saa saba mchana mafundi wanakula, saa nane yuko njiani kurudi nyumbani.

Siku moja, mafundi kama kumi walishinda usiku kucha chooni. Kesho yake asubuhi maneno yakaanza. Nyama ilikuwa imeoza. Hapana, kanunua ya bei ya kutupa. Wengine wakasema kuna mkono wa mtu. Waliokula wali na maharage tu hawakupata kitu, na hilo likazidi kumkandamiza. Ndani ya wiki mbili hakuwa na mteja hata mmoja. Shangazi aliapa kwamba nyama aliinunua asubuhi ile ile kabla ya kuichemsha, na kwamba ilichemka mpaka ikalainika. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Nilimwamini, ila sikuwa na la kumtetea.

Leo ninalo. Ili ulielewe, inabidi nikupeleke mbali kidogo, kwa sababu ni historia ya jambo ambalo kila jiko la biashara linapambana nalo: chakula kimeshaiva, mlaji bado hajafika. Utafanyaje kisipoe?

Binadamu wamepata majibu mawili tu. La kwanza ni kuendelea kukipa chakula joto. La pili ni kulizuia joto lililomo lisitoke. Vifaa vyote unavyoviona hotelini, kantini na kwa mama lishe ni watoto wa majibu haya mawili. Mara nyingi sisi watumiaji tunawachanganya.

Jibu la kwanza lina jina la mwanamke. Zosimos, mwandishi wa Misri aliyeishi karibu mwaka 300 BK, anamtaja mwanamke wa kabla yake aitwaye Maria Myahudi, aliyekuwa akitengeneza vyombo vya kuchemshia na kukenekea dawa na madini. Baadaye jina lake likapewa mbinu rahisi sana: weka chombo chako ndani ya chombo kingine chenye maji ya moto. Wafaransa wanaiita bain-marie, yaani bafu la Maria, na jikoni za hoteli duniani kote bado zinatumia jina hilo.

Akili yake iko kwenye maji. Maji ya kawaida kwenye chombo kilicho wazi, usawa wa bahari, hayapiti nyuzi 100 za Selsiasi hata ukoleze moto vipi. Moto wa ziada unageuka mvuke na kuondoka zake. Kwa hiyo chakula kilichokaa juu ya maji hayo hakiungui, na maadamu moto upo, hakipoi. Ukienda kwenye harusi ukakuta pilau kwenye yale masinia marefu ya chuma, yenye maji chini na kimoto kidogo chini ya maji, hapo upo na Maria.

Jibu la pili lilipata umaarufu Ulaya mwaka 1867, pale Johan Sørensen wa Norwe alipoonyesha kwenye maonesho makubwa ya Paris sanduku lililozungushiwa kitu kizito cha kuzuia joto. Unachemsha chakula, unakifungia humo na sufuria yake, kinamalizikia kuiva chenyewe bila moto. Baadaye watu walitengeneza masanduku kama hayo kwa kutumia nyasi kavu. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, wanajeshi wa Uingereza walibebewa mchuzi wa moto kwenye masanduku ya nyasi hadi kwenye mahandaki. Nyasi zenyewe hazina maajabu. Kinachofanya kazi ni hewa iliyonaswa katikati ya nyasi, kwa sababu hewa iliyotulia inapitisha joto kwa shida sana.

Sasa tufike 1892. Mwaka huo, London, mwanakemia James Dewar alikuwa na shida iliyo kinyume kabisa na ya shangazi. Alikuwa anashughulika na gesi zilizopozwa mpaka zikawa kimiminika. Oksijeni, kwa mfano, inachemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, kwa hiyo hata chumba cha London wakati wa baridi kwake ni tanuru. Dewar akatengeneza chupa yenye kuta mbili, akanyonya hewa yote katikati. Kama hewa tulivu inapitisha joto kidogo, basi pasipo na hewa joto halina hata wa kumbeba. Alipopaka ukuta rangi ya fedha ing'aayo kama kioo, akapunguza na lile joto linalosafiri kwa mnururisho.

Chupa haijui kama inalinda baridi au moto. Mafundi wa vioo wa Ujerumani, akiwemo Reinhold Burger, waliliona hilo, na mwaka 1904 ikaanza kuuzwa kwa jina Thermos. Dewar hakuwa ameisajili kama uvumbuzi wake, na alipokwenda mahakamani akashindwa. Chupa ya chai iliyoko nyumbani kwenu ni mjukuu wa chombo cha maabara. Hotpoti ni binamu yake: nyingi hazina ombwe, zina povu gumu la plastiki au hewa katikati ya kuta mbili, lakini kazi ni ile ile.

Mwaka huo huo wa 1892, ng'ambo ya bahari, mjini Baltimore, Marekani, madaktari William Welch na George Nuttall walichapisha maelezo ya bakteria waliyemkuta kwenye maiti. Baadaye akajulikana kama Clostridium welchii, na leo tunamwita Clostridium perfringens. Hakuna aliyedhani kwamba huyu mdudu na ile chupa vitakuja kukutana mezani.

Aliyewakutanisha jikoni ni mtaalamu wa bakteria wa Uingereza, Betty Hobbs. Mwaka 1953 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa milipuko ya kuumwa tumbo iliyokuwa inawatesa watu waliolishwa kwa wingi. Hadithi ilijirudia kila mahali: nyama nyingi inapikwa siku moja kabla, inaachwa ipoe polepole kwenye sufuria, kesho yake inapashwa moto kidogo na kugawiwa. Nyama ilikuwa nzima. Ilikuwa imechemka. Na bado watu waliumwa.

Inawezekanaje? Bakteria huyu anaishi kwenye udongo na kwenye matumbo ya wanyama, na akibanwa anajifungia kwenye kitu kama mbegu ngumu, kiitwacho spora. Baadhi ya spora hizo zinavumilia maji yanayochemka. Kwa hiyo kuchemsha kunawaua wenzake wote, kunafukuza oksijeni ambayo yeye haipendi, kisha kunamwachia sufuria nzima ya mchuzi peke yake. Mchuzi unapopoa na kufika nyuzi 40 na kitu, spora zinafunguka. Kwenye nyuzi 43 hadi 47 ndipo anapozaliana kwa kasi kuliko pote: katika hali nzuri anaweza kuongezeka mara mbili ndani ya dakika kama 10. Fanya hesabu mwenyewe. Mmoja, baada ya saa tatu za namna hiyo, anazidi 200,000.

Mlaji akimeza bakteria hao wakiwa hai na wengi, wanatoa sumu ndani ya utumbo. Kati ya saa 6 na 24 baadaye tumbo linakata na kuharisha kunaanza. Kwa wengi kunaisha ndani ya siku moja. Kwa mzee, mgonjwa au mtoto hali inaweza kuwa mbaya.

Rudi sasa kwenye hotpoti ya shangazi. Sufuria kubwa iliyofunikwa usiku kucha inapoa taratibu mno, na njiani inapita kwenye nyuzi zile zile ambazo mdudu anazitaka. Asubuhi mchuzi ukapashwa juu juu, haukufika kwenye moto wa kuua waliokwisha kufunguka. Halafu ukaingia hotpoti. Na hotpoti ni mwaminifu: ukiipa nyuzi 85 italinda nyuzi 85 kadiri iwezavyo, na ukiipa 45 italinda 45. Haipashi. Hapo inageuka kuwa kitanda cha kulelea wadudu.

Hakuna aliyepima mchuzi ule, ila kila kipande cha kisa kinakaa mahali pake: nyama, usiku, kupasha kidogo, maharage ya asubuhi kutokudhuru, na saa walizoanza kuumwa.

Ndiyo maana sheria za jikoni za biashara zinatazama kipimajoto. Uingereza inataka chakula cha moto kikae nyuzi 63 au zaidi. Marekani inasema 57. Shirika la Afya Duniani linashauri zaidi ya 60, na chakula kilichoiva kisikae nje kwa zaidi ya saa 2. Lile kabati la kioo la chipsi na sambusa lenye taa ndani linaweza kuwa na uvuguvugu tu, na uvuguvugu ndio hatari. Hata bain-marie ni ya kutunza, si ya kupashia: chakula kiingie kimeshachemka.

Kwa hiyo ukipika kwa ajili ya kesho, gawa chakula kwenye vyombo vidogo vya kina kifupi kipoe haraka, kisha kwenye friji. Kukipasha, kichemshe hadi katikati. Hotpoti ioshe kwa maji ya moto kwanza, ndipo ujaze chakula kinachofuka moshi.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia shangazi, nikamweleza yote haya, pamoja na Maria na bafu lake. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza: "Kwa hiyo mwanangu, nyama yangu ilikuwa nzima?"

Nikamwambia, "Ilikuwa nzima, shangazi."