Daftari la Oili

Kwenye droo ya dashibodi ya RAV4 yetu kuna daftari dogo ambalo jalada lake limenyonya oili mpaka ukiliinua juani unaona mistari ya ndani. Kila baada ya kilometa 5,000 Baba aliandika humo mstari mmoja: tarehe, kilometa, oili, filta. Ipo mistari 31. Wa mwisho ni wa tarehe 16 Machi mwaka jana. Mwezi uliofuata alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala na maneno yakaanza kutoka nusu nusu.

Nasoma shahada ya uzamili ya historia. Tunafundishwa kulisoma pengo katika nyaraka kama tunavyosoma maandishi. Pengo hili lilikuwa na kilometa 11,000 ndani yake, nyingi za kumpeleka Baba kwenye mazoezi ya viungo, na risiti moja ya gereji ambayo sitaitaja: oili, filta, ufundi. Injini ikifa, hatuna cha kuuza ili tununue nyingine. Kwa hiyo chuo kilipofungwa nikarudi Morogoro na kutangaza kwamba nitamwaga oili mwenyewe, pale pale uani alipokuwa akiimwaga yeye.

Mama alicheka. Enzi zile kaka zangu waliitwa kushika tochi. Mimi niliitwa kuleta maji ya kunawa. Joshua Grace ameandika kitabu, African Motors (2021), kuhusu namna Watanzania walivyolifanya gari kuwa lao kupitia gereji za mitaani na mikono ya mafundi, na neno jinsia liko hadi kwenye jalada. Nilikisoma maktaba nikitikisa kichwa kukubali. Chini ya gari ni habari nyingine.

Niliwasha injini dakika tano oili ipate moto na itoke vizuri, nikazima. Jiwe nyuma ya tairi, jeki, kisha stendi mbili, maana jeki peke yake haiaminiki kulaliwa chini yake. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, fimbo mapajani.

Kulala chini ya gari kwa ajili ya oili hakukuanza na sisi. Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilikuwa na koki mbili chini ya injini, moja juu ya nyingine. Dereva alijipenyeza chini akazifungua: oili ikitoka ya chini bila kutoka ya juu, safari ipo, isipotoka hata ya chini, usiwashe. Haikuwa na pampu ya oili. Gurudumu zito la injini liliirusha tu oili huku na huko. Filta nayo haikuwepo, kwa hiyo uchafu ulizunguka humo hadi siku ya kumwaga.

Kabla ya hapo kulikuwa na treni. Elijah McCoy, mtoto wa watu waliotoroka utumwa Kentucky wakakimbilia Canada, alisomea uhandisi Scotland. Alipokwenda Michigan, kazi aliyopewa kwenye reli ni kuchochea moto na kutia oili, kwa kuwa mhandisi Mweusi hakutakiwa. Treni zililazimika kusimama ili mashine zitiwe oili kwa mkono. Mwaka 1872 McCoy akapata hataza ya kifaa kilichodondosha oili chenyewe mashine ikiwa kazini. Ninapenda kwamba wazo hilo lilimjia mtu aliyeshika kopo la oili.

Filta ilichelewa. Ernest Sweetland na George Greenhalgh waliileta mwaka 1923, wakaiita Purolator, na Chrysler ya 1924 ikawa miongoni mwa magari ya kwanza kutoka kiwandani nayo. Zile za mwanzo zilichuja sehemu tu ya oili. Iliyobaki ilipita kando.

Nati ya sampu inafunguliwa kwa spana namba 14. Ukilala chali, kushoto na kulia vinahama. Nilianza kwa kuikaza nikidhani nafungua. Oili ilitoka nyeusi kama lami na nyepesi kama maji, ikateremka mkononi hadi kwapani. Nikainua tochi kutafuta filta. Kwenye bati lake kulikuwa na maandishi ya kalamu nyeusi, mwandiko ninaoujua tangu alipokuwa akisaini ripoti zangu za shule: 16/3.

Ile gereji ilituuzia filta ambayo haikufungwa kamwe. Nimepekua nyaraka nyingi mwaka huu, na hakuna iliyonipandisha hasira kiasi kile. Filta ikijaa, vali yake hufunguka na kuruhusu oili ipite bila kuchujwa, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Labda miezi yote hiyo tulikuwa tunatembea hivyo.

Niliitoa, nikapaka oili kwenye mpira wa filta mpya, nikaanza kuizungusha.

“Mpira,” Baba akasema.

“Nimeshaupaka, Baba.”

“Mpira.” Akagonga fimbo chini.

Nilidhani ni yale maneno yanayomkwama siku nzima. Mama akaenda kumletea maji. Aliporudia mara ya tatu nikaifungua tena filta, nikamulika juu: mpira wa ile ya zamani ulikuwa umebaki, umeng'ang'ania kwenye injini. Mipira miwili ikikutana haizibi. Injini ikiwaka, pampu inaweza kuimwaga oili yote chini kwa dakika chache.

Niliubandua kwa kucha. Sikutoka chini ya gari haraka.

Filta niliikaza kwa mkono, nati kwa spana na washa mpya. Lita nne na kidogo, nikawasha, taa nyekundu ikazimika, hakuna tone. Jirani akaja kuomba oili chafu apake nguzo za uzio, mchwa wamemchosha. Pamoja na yote niliyowahi kusoma kuhusu sumu kwenye udongo, nilimpa dumu zima.

Jioni niliandika mstari wa 32. Baba alinyoosha mkono wa kushoto apewe daftari, akasoma polepole, akanirudishia kidole kikiwa kimebaki mahali pasipo na kitu. Nilikuwa sijaandika kilometa. Nikachukua funguo na tochi, nikarudi kwenye gari.