Kutoka Sange hadi droni: namna ajali ya barabarani inavyopimwa

Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, gari la kubeba mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka Sange, katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya kitaifa namba 5 kati ya Uvira na Bukavu. Mafuta yalimwagika. Wakaaji wakakaribia, wengine na bidoni mkononi; wengine walikuwa ndani ya nyumba za sinema wakitazama Kombe la Dunia. Moto ulipolipuka, watu zaidi ya 230 walikufa. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja, maana miili haikutambulika tena.

Siku zilizofuata ilisemwa kwamba dereva alijaribu kulipita gari lingine. Lakini maneno ya mashahidi hupishana, na alama za magurudumu hazidumu: mvua huziosha, na kamioni zinazopakia mizigo bandarini Kalundu hupita juu yake.

Ujuzi wa kupima kwa picha ni wa zamani kuliko gari lenyewe. Mwaka 1858 Mjerumani Albrecht Meydenbauer, akipima kanisa kuu la Wetzlar, nusura aanguke kutoka juu. Akawaza: kwa nini jengo lisipimwe kwenye picha? Neno fotogrametri lilichapishwa mwaka 1867.

Leo kazi hiyo inafanywa na droni. Inapita juu ya ajali mstari kwa mstari ikipiga picha zinazopandana. Alama moja ikionekana katika picha kadhaa, kompyuta inahesabu ilipo. Vipimo vichache vilivyochukuliwa chini kwa mita vinasahihisha hesabu. Inapatikana ramani ambayo urefu wa alama za breki unasomeka kwa sentimita, na kutoka hapo mwendo wa gari unakadiriwa. Nani alikosea, hilo linabaki kwa hakimu.

Kivu si wageni wa droni. MONUSCO ilianza kuzirusha Goma Desemba 2013 kufuatilia makundi yenye silaha. Mei 2014 moja iliona mtumbwi ukizama Ziwa Kivu, na watu 14 wakaokolewa.

Usiku ule wa Sange, moto usingeruhusu chombo chochote kukaribia. Asubuhi yake, ukingo wa barabara, mteremko na mahali tangi lilipolala vingepimika vyote kabla ya bati lililoungua kuondolewa, na familia zingekuwa na karatasi ya kumwonyesha hakimu.