Kwa nini seva hukwama zinapohamishwa au kutiwa viraka

Mkazi wa Kikoneni, Kaunti ya Kwale, anapotoa fedha kwa wakala wa M-Pesa, ombi lake hushughulikiwa na kompyuta kubwa zilizo mbali, ziitwazo seva. Huduma hiyo ilianzishwa Machi 2007, na hadi Aprili 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Safaricom ilipouhamishia Kenya mfumo huo na kuubadilisha kwa mpya, ilibidi huduma isimamishwe kwa saa kadhaa.

Ili kupunguza usumbufu wa namna hiyo, taasisi nyingi hutumia mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva halisi. Seva kadhaa huunganishwa kuwa kundi, moja ikizimwa nyingine zishike kazi. Tangu kampuni ya VMware ilipotoa teknolojia ya vMotion mwaka 2003, mashine pepe huweza kuhamishwa ikiwa kazini: memori yake hunakiliwa, yaliyobadilika hunakiliwa tena, kisha husita kidogo na kuendelea kwenye seva ya pili.

Uhamisho ukikwama, fundi huchunguza mambo manne:

- Prosesa: za vizazi tofauti huenda zisipatane.
- Memori: seva inayopokea yaweza kukosa nafasi.
- Mtandao: ukiwa wa polepole, memori hubadilika haraka kuliko inavyonakiliwa.
- Hifadhi ya data: seva zote mbili sharti ziifikie, la sivyo data nayo inakiliwe.

Viraka ni marekebisho ya programu yanayoziba kasoro na mianya ya usalama. Kanuni ni kushughulikia seva moja baada ya nyingine: mashine pepe zake huhamishwa, hutiwa kiraka, huwashwa upya na kukaguliwa, ndipo ifuatwe ya pili. Kwa kawaida kundi la seva tatu huhitaji mbili zilizo hai. Moja ikiharibika wakati nyingine imezimwa kwa matengenezo, kundi zima laweza kusimama.

Hatari ya kuharakisha ilidhihirika Julai 19, 2024, faili yenye kasoro ya kampuni ya CrowdStrike iliposambazwa kwa wateja kote duniani kwa mkupuo. Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 ziliathirika, safari za ndege zikafutwa na hospitali zikatatizika.

Kwa hiyo kiraka hujaribiwa kwanza kwenye seva chache, nakala ya akiba ikiwa tayari na imethibitishwa kuwa inarejesheka. Hatua hiyo ikirukwa, mteja aliye Kikoneni hubaki dukani akisubiri fedha zake.