Mtu mzima anayeishi peke yake: namna ya kupata nyumba ya bei nafuu Pwani

Sio kila mtu mzima anayeishi peke yake ametupwa na watu wake. Wapo waalimu, mafundi na mabaharia waliostaafu, wapo wajane na walioachwa, ambao wangali na nguvu zao na hawataki kuhamia chumba cha nyuma kwa mkwe. Wanataka mlango wao na ufunguo wao, kwa kodi wanayoimudu.

Ibara ya 57 ya Katiba inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, na Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Lakini Katiba haitakutafutia chumba Majengo, wala haitakuulizia maji hutoka siku gani. Hayo ni ya kuuliza mwenyewe. Na neno moja uliweke mbele: kwa mtu mzima, nyumba rahisi ni ile atakayoweza kubaki ndani yake, sio ile yenye kodi ndogo tu.

Piga hesabu nzima

Tuseme chumba kimoja ni Sh 4,000, ndani kabisa mbali na barabara. Kingine ni Sh 6,000, karibu na soko, msikiti na zahanati, na mfereji upo. Kwa kile cha kwanza unanunua madumu manne ya maji kwa siku, kila dumu Sh 20. Hizo ni Sh 2,400 kwa mwezi. Tuktuk mara nane kwa Sh 100 ni Sh 800. Chumba cha 4,000 kimeshakuwa cha 7,200, na bado hujaugua.

Mombasa hutegemea maji ya mbali: Mzima, Marere, Baricho na visima vya Tiwi. Ndio maana mgao hauishi. Usimuulize mwenye nyumba, muulize jirani. Mfereji hutoka siku ngapi kwa wiki? Tangi lipo? Kisima ni cha maji matamu au ya chumvi? Maji ya chumvi yatafua na kuosha, lakini sio ya kunywa, hasa kwa mwenye presha. Uliza pia kama mita ya stima ni yako peke yako au mnachangia tokeni.

Chagua mtaa kwa miguu yako

Kisiwani kodi hupanda, lakini hospitali kuu ya Pwani iko pale pale Makadara na mengi hufikika kwa miguu. Mji wa Kale una ujirani mzuri, ila ngazi za ghorofa zake ni kali kwa magoti. Tafuta chumba cha chini.

Likoni ni nafuu, na anayevuka feri kwa miguu halipi. Lakini ile teremko na msukumano wa asubuhi upime kwanza, hasa kama kliniki yako iko ng'ambo. Anayetaka utulivu ataangalia Kilifi, Malindi au Msambweni, ambako hospitali za serikali zipo. Lamu mjini hakuna magari, na hiyo ni raha kwa wengine na tabu kwa asiyeweza kutembea.

Nyumba ya Kiswahili, yenye vyumba vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja, ina faida ambayo haiandikwi kwenye tangazo: usipoonekana asubuhi, kuna mtu atakayebisha hodi. Ubaya wake ni choo cha uani. Kiendee usiku kabla ya kukubali, uone kama kuna taa na kama sakafu inateleza.

Kukodi: taka karatasi

Usimpe dalali pesa za kushikilia nyumba ambayo hujaingia ndani. Usilipe kwa mkono bila risiti. Ukilipa kwa simu, hifadhi ujumbe. Mkataba uwe na kodi, amana na masharti ya kurudishwa kwake, muda wa notisi, na lini kodi inaweza kupandishwa.

Sheria ya Udhibiti wa Kodi, Sura ya 296, inalinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya msingi haizidi Sh 2,500 kwa mwezi. Mpangaji wa aina hiyo hafukuzwi wala kodi yake haipandishwi kwa kauli ya mwenye nyumba. Kuna baraza la kodi la kuamua. Juu ya kiwango hicho, kinga yako kubwa ni mkataba ulioutia saini.

Kununua: kuta za nani, ardhi ya nani?

Hapa ndipo akiba za uzeeni huzama. Mombasa kuna nyumba nyingi zinazouzwa bila ardhi. Unanunua kuta na paa, na kila mwezi au mwaka unamlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Bei yake huvutia kwa sababu hiyo. Chanzo ni cha zamani: Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka watu wa ukanda wa Pwani wadai umiliki wao, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wengi walibaki wamejenga juu ya ardhi isiyo yao kwa karatasi.

Kijana akiambiwa kiwanja kimeuzwa, ahame, ataanza upya. Mwenye miaka 70 hataanza. Kwa hivyo fanya sachi kwenye ofisi ya ardhi, mtafute mwenye kiwanja mwenyewe, na usitoe shilingi kabla wakili hajasoma hati.

Mjane na mirathi

Mume akiacha watoto, fungu la mke ni thumni. Nyumba ikiuzwa Sh milioni 4, hiyo ni Sh 500,000, na wakiwa wake wawili hugawana hizo hizo. Kwa pesa hizo mjini, atakachoonyeshwa zaidi ni nyumba bila ardhi.

Kuna njia za halali. Mume akiwa hai na mzima anaweza kumpa mkewe nyumba au sehemu yake kwa hiba, akamkabidhi na kuiandikisha. Hiba ya mdomo tupu huzua kesi. Wasia hausaidii hapa, kwani hauendi kwa mrithi ila wenziwe waridhie. Na baada ya msiba, warithi wanaweza kukubaliana fungu la mama liwe vyumba ndani ya nyumba ile ile, yaandikwe mbele ya Kadhi. Mama asitie saini ya kuuza kabla ya kujua atalala wapi.

Milango mingine ya kubisha

Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imetenga nyumba za kijamii kwa wenye kipato chini ya Sh 20,000 kwa mwezi. Maombi hupitia Boma Yangu. Mjukuu akusaidie na simu, lakini neno la siri liwe lako. Uliza mapema miaka ya kulipa, na deni litakuwa la nani ukifariki.

Tume ya Wakfu, yenye makao yake Mombasa, husimamia nyumba za wakfu. Nenda ukaulize kama kuna chumba. Aliyefika miaka 70 aulize pia kwa chifu kuhusu Inua Jamii. Ni Sh 2,000 kwa mwezi, na mara nyingi huchelewa, kwa hivyo usizifanye ndio kodi. Zifanye maji na dawa.

Na sisi watoto, tuwasindikize wazee wetu kutazama nyumba na tusome nao mkataba, kisha tuwaachie wao kauli ya mwisho. Mwenyezi Mungu awasitiri.