Majembe ya Mahari: Historia ya Palizi Kilosa na Mikumi



Harusi ikikaribia, somo humfundisha bi harusi mengi: udi, liwa, mapishi, namna ya kumpokea mume. Kupalilia hakumo. Na wengi wetu wa visiwani huolewa bara. Mmoja anajikuta Kilosa, mwingine Mikumi, ana nyumba yenye uwanja nyuma na tuta lake la kwanza la mchicha. Masika yanashuka, wiki mbili zinapita, na mchicha hauonekani tena kwa majani. Hapo ndipo wengine hukata tamaa wakasema ardhi haina baraka.

Ardhi ina baraka, dada. Kinachokosekana ni elimu ya mikono, na wanawake wa huko wana historia ndefu ya elimu hiyo. Leo tuitazame.

Tuanzie enzi za misafara. Katika karne ya 19 misafara iliyovuka kutoka Unguja ilianzia Bagamoyo, ikakata mbuga ya Makata na kufuata bonde la mto Mkondoa kuelekea Ugogo na Unyamwezi. Stanley alipita njia hiyo mwaka 1871. Vitabu vinawataja wenye misafara, wapagazi, pembe na bunduki. Lakini mamia ya watu hawatembei kwa njaa. Walinunua nafaka vijijini kwa shanga na merikani, kitambaa cha Marekani kilichopita bandari ya Unguja yetu. Nafaka ile ilikuwa imepaliliwa na mtu kabla ya kuvunwa, na mara nyingi mtu huyo alikuwa mwanamke. Jina lake halikuandikwa popote.

Chombo chake kilikuwa jembe la chuma, na jembe lilikuwa mali. Wahunzi wa Unyamwezi walifua majembe yaliyouzwa mbali, na katika jamii kadhaa za bara majembe yalitolewa kuwa mahari. Tulitafakari hilo kidogo. Majembe yalikwenda kwa wazee wa binti, kisha binti mwenyewe akaenda kwa mumewe kushika mpini. Sisi dini yetu imetufundisha kwamba mahari ni haki ya bi harusi mwenyewe. Ukiijua historia ile, utaona uzito wa haki hii.

Hata hivyo wanawake wa Kilosa hawakuwa mikono mitupu. Waluguru, Wakaguru, Wasagara na Wavidunda huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na kwa desturi ardhi ilifuata ukoo huo. Mwanamke alipalilia ardhi ya mama zake. Anayejua kuwa shamba ni la kwao hapalilii kwa kuparaza juu juu. Hung'oa na mzizi, kwa sababu mwakani atarudi pale pale.

Kisha wakaja Wajerumani. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikabaki hai 62 tu, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba makubwa. Mwaka 1898 wakaweka kodi ya kibanda. Reli ya Kati ikaanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Kilosa, ikafika Kigoma mwaka 1914. Baadaye Kilosa na Kimamba zikawa nchi ya mkonge na pamba. Mkonge mchanga unataka palizi, pamba inataka palizi, na kodi inataka fedha. Wanaume walipotoka kutafuta kibarua, mahindi na mboga za nyumbani vilibaki mikononi mwa wake zao. Tatizo ni kwamba palizi haingoji. Mmea mchanga ukisongwa na magugu wiki za mwanzo, hata ukija kupaliliwa baadaye haurudishi nguvu zote. Palizi ikichelewa, nyumba ilionja njaa miezi michache mbele.

Magugu nayo yana hila zake. La hatari zaidi kwa mahindi, mtama na mpunga ni kiduha. Lina maua mazuri, na hunyonya mizizi ya mmea mwingine chini ya ardhi kabla hata hujaliona. Mche mmoja hutoa mbegu elfu nyingi, ndogo kama vumbi, nazo zinaweza kulala udongoni miaka mingi. Wilayani Kilosa kipo kituo cha utafiti cha Ilonga, kilichofanya kazi ya pamba tangu wakati wa Waingereza na baadaye ya nafaka. Mwaka 2002 Tanzania ilitoa mbegu mbili za mtama unaostahimili kiduha, zikaitwa Hakika na Wahi. Kizazi chake kilitokana na kazi ya Gebisa Ejeta, mwanasayansi mzaliwa wa Ethiopia, aliyepewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Na ile desturi ya kupanda kunde au karanga shambani ina hekima yake: mizizi ya baadhi ya aina za mazao hayo huiamsha mbegu ya kiduha, ikaota, ikakosa cha kunyonya, ikafa.

Bustanini kwako adui mkubwa huenda akawa ndago. Ukiikata kwa jembe umeizidisha, kwa kuwa chini ina viazi vidogo vilivyoungana kama tasbihi, na kila kimoja huchipua. Nyasi za kutandaza hazitoshi, ndago hutoboa. Ngoja udongo uwe na unyevu, uchimbue kwa kijembe kidogo, okota kila kiazi, uvianike juani mpaka vikauke kabisa. Jani jipya likitokeza, chimbua tena mara moja kabla halijakilisha kiazi. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Magugu mengine ni mepesi zaidi. Palilia wiki mbili au tatu baada ya mboga kuota, asubuhi ya jua ili uliyong'oa yakauke. Tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu kati ya mistari. Samadi ioze vizuri kwanza, maana samadi mbichi huja na mbegu za kila alichokula ng'ombe. Usiache gugu lichanue. Na mto ukifurika, kama Mkondoa ulivyofurika Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ukawaacha watu wengi bila makazi, tegemea magugu mageni msimu unaofuata, kwani maji huleta mbegu pamoja na tope.

Lakini kabla hujang'oa, uliza. Mlenda, mgagani, mnavu na mchicha wa porini huota vyenyewe kati ya mahindi, na wanawake wa bara wamezilisha nyumba zao kwa hayo vizazi na vizazi, hasa miezi ambayo ghala lilikuwa tupu. Kwa mgeni ni magugu. Kwa mwenyeji ni kitoweo cha jioni. Usiyaokote kwa kubahatisha, yapo yenye sumu. Mpigie hodi mama jirani, umwamkie, umwombe akuonyeshe. Atakufundisha majani, na huenda ukapata mama wa pili ugenini.

Mji wa Mikumi umeuchukua jina kutoka kwa mikumi, ile mivumo mirefu, na watu wengi wanaujua kwa hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964. Wageni hupita barabarani wakitafuta tembo. Wewe utakayeishi huko, tazama pia nyuma ya nyumba, utamwona mwanamke ameinama. Kazi yake ndiyo iliyolisha misafara, reli na mashamba ya mkonge.

Basi bi harusi, katika sanduku lako tia kijembe kidogo kando ya kanga. Kinunue kwa mahari yako mwenyewe ukipenda. Safari hii jembe liwe lako, na utakachokivuna kiwe chako, ule na watu wako na utoe sadaka.