Njia, balabala, route: maneno ya mwendo mjini Lubumbashi

Anayetaka kwenda Kipushi, mji wa mgodi ulio kilomita 30 hivi kusini-magharibi mwa Lubumbashi, huambiwa ashike route Kipushi. Neno hilo la Kifaransa lina pacha wake katika Kiingereza, herufi kwa herufi, na Nairobi watu wa matatu wamelifanya ruti. Asili yake ni Kilatini: via rupta, njia iliyovunjwa, yaani iliyopasuliwa kwa nguvu porini au mwambani. Waingereza walilipokea kutoka kwa Wafaransa katika Zama za Kati. Neno routine nalo limezaliwa humo: kupita palepale kila siku.

Katanga ilipasuliwa kwa reli. Njia ya chuma ilitoka kusini, ikavuka mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini pale Sakania, na treni ya kwanza ikaingia Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Septemba 1910, mji wenyewe ukiwa ndio kwanza unapimwa viwanja. Mwaka uliofuata tanuri la kuyeyushia shaba likawaka kando ya mto Lubumbashi. Reli ikasonga hadi Bukama mwaka 1918, na mwaka 1931 ikaungana na ile ya Benguela.

Kabla ya hapo kulikuwa na njia.

Neno hili ni la kale mno, na ndugu zake wametapakaa: inshila kwa Wabemba, nzela kwa wasema Kilingala, nzira kwa Washona, indlela kwa Wazulu. Njia haivunjwi, hukanyagwa mpaka nyasi zikakata tamaa. Kwa njia za namna hiyo Msiri, mwana wa mfanyabiashara kutoka Unyamwezi, alijenga dola lake la Wayeke kule Bunkeya. Misafara yake ilielekea mashariki hadi pwani ya Waswahili, na magharibi hadi Benguela. Ilibeba shaba, chumvi na pembe za ndovu. Ilibeba watu pia, wakiwa wamefungwa, na historia yoyote inayozisifu njia zile bila kuwataja hao haijasema kweli. Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na kuuawa na Kapteni Bodson wa msafara wa Wazungu ulioongozwa na Stairs. Msafara huo wenyewe ulikuwa umeanzia pwani, kwa miguu ya wapagazi waliosema Kiswahili.

Pwani ndiko lilikotoka neno la tatu. Barabara huhusishwa na barabar ya Kiajemi na Kihindi, yenye maana ya sawasawa. Kiswahili sanifu bado kinaitenganisha maana hiyo na ile ya njia kwa mkazo: barabára hupitwa na magari, lakini kazi hufanywa barábara. Lubumbashi, ambako lugha nyingi jirani hazitofautishi r na l, watu husema balabala.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Treni ilitoka kusini, pamoja na vibarua wengi wa kwanza waliotoka Rhodesia na Nyasaland, lakini lugha iliyoshika mji ni ya mashariki. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alilichunguza suala hili katika kitabu cha mwaka 1986 na kuonyesha kwamba utawala na kampuni za migodi zilikuwa na sababu zao za kukipendelea Kiswahili, hasa zilipoajiri watu wa Kasai na Ruanda-Urundi. Ni kweli, ila amri ya ofisini haitoshi kumfanya mama wa mtaa wa Katuba ambembeleze mtoto kwa lugha hiyo. Wenyeji walikichukua kikawa chao. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji kwa Kiswahili hichohicho, kwa niaba ya watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu.

Leo shaba huondoka kwa malori. Hupanga foleni Kasumbalesa, huingia Zambia, na mengi hugeukia Dar es Salaam, si mbali na Bagamoyo ya misafara. Dereva Mtanzania akishuka Lubumbashi huulizia barabara. Mwenyeji humwelekeza balabala, na safari huendelea.